Phillis Wheatley na Nyaraka za Massachusetts

Mhakiki anayeichunguza historia ya awali ya fasihi ya Marekani hukabiliwa na swali linaloyatangulia maandishi yenyewe: ni nani aliyeamua karatasi ipi itunzwe? Swali hili hujitokeza bayana katika habari za Phillis Wheatley, mtoto wa Kiafrika aliyefikishwa Boston mwaka 1761 akauzwa kwa John Wheatley. Jina alilopewa lilikuwa la merikebu iliyomleta. Umri wake, miaka saba au minane hivi, ulikisiwa kwa kuyatazama mapengo ya meno yake. Mwaka 1773 diwani yake ilichapishwa London.

Mwanzoni mwa diwani hiyo mna tamko la watu 18 mashuhuri wa Boston, miongoni mwao gavana Thomas Hutchinson, wakithibitisha kwamba mashairi yale ni yake. Kutokana na ukurasa huo mmoja wahakiki wamejenga taswira ya baraza zima, mshairi akihojiwa mbele ya wakubwa. Henry Louis Gates aliieneza taswira hiyo katika kitabu chake cha 2003. Yavutia, lakini hakuna kumbukumbu ya kikao hicho iliyopatikana, na mwaka 2010 Joanna Brooks alipinga kwamba kiliwahi kufanyika. Tamko lililochapishwa ili kuuza kitabu limesomwa kana kwamba ni muhtasari wa mkutano.

Barua zina hadhi nyingine kabisa. Maktaba ya Jumuiya ya Kihistoria ya Massachusetts, iliyoasisiwa mwaka 1791, inahifadhi barua ambazo Phillis alimwandikia Obour Tanner, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko Newport, Rhode Island, kati ya 1772 na 1779. Humo hamna gavana wala mdhamini. Mna imani, maradhi, msiba wa bibi yake Susanna Wheatley, na pia biashara, jambo ambalo wapenzi wa mashairi hulipita haraka mno. Mnamo Oktoba 1773, akiwa amekwisha kuachwa huru, Phillis anamwomba rafiki yake amtafutie wanunuzi wa diwani, kwa kuwa faida ni yake mwenyewe. Huyu si yule binti mnyenyekevu wa tamko la watu 18. Ni mwandishi anayejua bei ya kazi yake.

Majibu ya Obour hayamo. Hata hivyo, barua hizi zipo kwa sababu yeye alizitunza kwa miongo mingi baada ya mwandishi kufariki mwaka 1784. Kwa hiyo mhifadhi wa kwanza wa nyaraka hizi ni mwanamke aliyekuwa mtumwa; maktaba ilimfuata yeye.

Pale ambapo hapakuwa na mtu kama Obour, uvumi ulishika nafasi. Wasifu ulioandikwa na Margaretta Odell mwaka 1834 ulimchora John Peters, mume wa Phillis, kuwa mvivu mwenye majivuno, na kwa muda mrefu hukumu hiyo ilirudiwa bila kuchunguzwa. Mwaka 2021 Cornelia Dayton alionyesha, kwa kutumia majalada ya mahakama, kwamba wawili hao waliishi kwa miaka kadhaa huko Middleton, ambako Peters alipigania shamba katika mashauri marefu. Majalada hayo hayakuwekwa kwa ajili ya fasihi, na pengine ndiyo maana hayana haja ya kumpamba wala kumdharau mtu.

Limebaki tangazo la gazeti la Boston la Oktoba 1779, ambamo Phillis, sasa akitumia jina la Peters, aliomba wateja wa kitabu cha pili. Vichwa vya mashairi 33 na orodha ya barua 13 vimechapwa humo. Wateja hawakutosha, na mswada wenyewe haujapatikana.