Bustani ya nyumba ndogo: kitu gani kinavuta wageni wa mapumuziko kijijini?

Mutu anayetoka mujini kwenda kupumuzika kijijini anatafuta nini? Wengi watajibu: kitanda safi, chakula kizuri, utulivu. Lakini kuko kitu kingine ambacho wageni wanakumbuka hata kisha miaka mingi: bustani ya mbele ya mulango. Siyo ile ya hoteli kubwa yenye majani yaliyokatwa sawasawa. Ni ile ndogo, yenye maua na mboga pamoja, inayozunguka nyumba ya kawaida. Waingereza ndio walioifanya ijulikane sana, na mufano mumoja wa aina hiyo uko karibu kabisa na mupaka wetu.

Ilitoka wapi?

Huko Uingereza, bustani hii haikuanzia kwa matajiri. Ilianzia kwa watu waliofanya kazi katika mashamba ya wengine. Mufanyakazi alikaa katika nyumba ndogo yenye kipande cha udongo, na kile kipande kilipaswa kusaidia kulisha jamaa: viazi, shu, maharagi, vitunguu, muti wa matunda, mizinga ya nyuki, pengine nguruwe mumoja nyuma ya nyumba. Kulikuwa pia majani ya dawa na ya kutia mu chakula. Maua yalipata nafasi iliyobaki: kando ya njia, chini ya dirisha, juu ya ukuta. Mbegu nyingi majirani walipeana. Ule muchanganyo ambao leo unaitwa uzuri ulitokana na ufinyu wa nafasi.

Katika karne ya 19 viwanda vilivuta watu wengi mijini, na watu wa muji wakaanza kutamani kijiji. Muchoraji Helen Allingham (1848–1926) alichora nyumba hizo pamoja na maua yao, zingine zikiwa karibu kubomolewa. Gertrude Jekyll (1843–1932), fundi wa bustani wa eneo la Surrey, alichukua mambo aliyoona kwa wanakijiji na kuyatumia katika bustani za watu wenye mali. Leo shirika la National Trust, lililoanzishwa 1895, linakodisha nyumba ndogo za zamani kwa watu wa vakansi. Watu wanalipa ili walale mahali ambapo mukulima maskini alikuwa anahesabu viazi vyake.

Sababu gani inapumuzisha?

Kwanza, ni ndogo. Mutu anaizunguka kwa dakika chache, kisha anakaa chini bila kujiuliza alicho bado kuona. Pili, kila saa kuko jambo: nyuki, ndege, harufu ya majani kisha mvua, ua lililofunguka usiku. Tatu, mugeni anaruhusiwa kugusa. Majani ya hoteli kubwa yanamwambia «usikanyage». Bustani hii inamwambia «chuma». Asubuhi anaona mwenye nyumba akikata mboga, saa sita anaikuta kwenye sahani.

Inaonekana kama imejiotea yenyewe, lakini ni kazi ya kila siku. Maua yanachaguliwa ili moja likinyauka, lingine lianze. Bila mukono wa mutu, kisha misimu michache inakuwa pori.

Mufano wa karibu: Mugongo

Ngambo ya mupaka, juu ya Gisenyi, katika milima ya volkano, kuko mahali panaitwa Mugongo. Rosamond Halsey Carr, Mumarekani aliyezaliwa 1912, alifika Kongo mu 1949 na kufanya kazi ya mashamba huku Kivu. Mu 1955 alihamia Mugongo, shamba la piretre, lile ua jeupe linalotoa dawa ya kuua wadudu. Mbele ya nyumba yake alipanda bustani ya namna ya Kiingereza. Kisha miaka, maua yakawa biashara yenyewe: aliyauza kwa mahoteli.

Mu 1994, vita na mauaji ya kimbari vilimulazimisha kukimbia. Alirudi mwaka ule ule, na mwezi wa 12 akafungua pale nyumba ya kulea yatima, Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma. Usalama ulipoharibika tena mu 1997, yeye na watoto walihamia Gisenyi. Alirudi Mugongo mwisho wa 2005 na kufariki mwezi wa 9 mu 2006, akiwa na miaka 94. Bustani ilibaki, na wageni waliendelea kwenda kuiona.

Na kwetu?

Malupango mengi ya kwetu tayari yana nusu ya bustani hii: lenga-lenga, sombe, marakuja juu ya lupango, muti wa avoka. Mwenye kufikiria kupokea wageni kijijini hana lazima ya kungʼoa mboga ili apande majani ya hoteli. Afadhali aongeze kidogo:

– njia nyembamba yenye kupita katikati, na benchi moja mahali pa kivuli;
– maua kando ya mistari ya mboga, siyo pa nafasi ya mboga;
– mimea yenye harufu karibu na mulango na madirisha;
– mbegu na vipande vya kupanda kutoka kwa majirani, sababu vimezoea udongo na mvua yetu.

Lile ua kubwa linaloningʼinia sawa tarumbeta, ambalo watu wanapanda kwa kuzungushia lupango, lina sumu. Liwe mbali na watoto na jikoni.

Wengine watasema maua hayaliwi. Ni kweli, na wale maskini wa Uingereza walilijua hilo: chakula kilitangulia, maua yakafuata. Neno lingine ni zito zaidi. Mahali ambapo barabara haina usalama, hakuna ua litakaloleta mugeni. Mugongo ilipitia hayo. Lakini bustani inaomba miaka mingi ili ikamate, na haingojei siku ya amani kamili. Anayepanda leo kando ya mboga zake anakula hata kama mugeni hajafika.