Jinsi Dar es Salaam Ilivyoitwa Bongo

Mwaka 1983 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayotambulika. Wananchi waliiita Nguvu Kazi. Dar es Salaam ilifanyiwa msako, na aliyeshindwa kueleza anaishi kwa kazi gani alijikuta ndani ya lori akipelekwa kijijini kulima. Muuza karanga, fundi viatu wa barazani, kijana mwenye sinia la maandazi stendi, wote waliweza kuhesabiwa wazururaji. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi na kuendelea pale walipoachia.

Ni katika miaka hiyohiyo ya themanini ndipo watu wa Dar es Salaam walipozoea kuuita mji wao Bongo. Jina hilo halikutangazwa na ofisi yoyote, na hakuna mtu mmoja anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake. Lilitoka vijiweni, kwenye foleni na sokoni. Wakati Serikali inahimiza nguvu, mtaani watu walikuwa wanataja ubongo.

Maana yake haikuhitaji kufafanuliwa. Ubongo mmoja, bongo nyingi, kama ukuta na kuta. Aliyesema anakwenda Bongo alikuwa anasema anakwenda mahali ambapo asiyekuwa na kitu kichwani atalala njaa.

Na njaa haikuwa ya kusimuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita iliyofuata ilimeza fedha za kigeni ambazo tayari zilikuwa haba. Bei ya mafuta ilipanda tena. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi, na sukari, sabuni, unga wa sembe na dawa ya meno vikawa vitu vya kupangia foleni kwenye maduka ya Serikali ya RTC, au vya kununuliwa kwa mlanguzi kwa bei isiyosemwa kwa sauti. Mji nao ulikuwa unafurika: sensa ya 1967 iliukuta na watu wasiofika laki tatu, ya 1988 ikakuta mkoa mzima una zaidi ya milioni moja na laki tatu.

Mshahara haukuvuka wiki mbili. Basi kila nyumba ikaanzisha kile kilichoitwa mradi. Mwalimu alifundisha tuisheni jioni, ofisa wa wizara akafuga kuku wa mayai uani, na mwenye friji akauza barafu. Mama aliyekuwa akichoma vitumbua vya kuliwa na watoto aliongeza vya kuuza. Ikafika mahali mradi ndio uliolisha familia na ajira ikabaki ya heshima. Watafiti waliokuja baadaye waliyaandika haya kwa majedwali, lakini waliokuwa wakiyaishi walikwisha kuyaweka yote katika neno moja la silabi mbili.

Usafiri unaonyesha vizuri namna akili hiyo ilivyofanya kazi. Shirika la UDA lilikuwa na mabasi machache mno kwa mji mkubwa namna ile, na watu binafsi hawakuruhusiwa kubeba abiria. Pengo hilo lilizibwa na malori madogo yenye mabenchi ya kutazamana, maarufu kama chai maharage. Waliokuwapo husimulia jinsi abiria walivyobadilika kuwa ndugu wa ukoo mmoja wanaokwenda harusini pindi askari aliposimamisha gari. Mwaka 1983, mwaka uleule wa Nguvu Kazi, Serikali ilikubali mabasi ya watu binafsi yapewe leseni. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na ndipo ilipotoka daladala.

Haitakuwa haki kusema Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuthamini kufikiri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja juhudi na maarifa kuwa masharti ya maendeleo, mawili kwa pamoja. Lakini maarifa yaliyokusudiwa yalikuwa ya shambani: jembe kubwa badala ya dogo, plau ya kukokotwa na ng'ombe, mbolea, mbegu bora. Akili ya kununua hapa na kuuza pale ilitazamwa kwa shaka, kama dada wa unyonyaji. Mwaka 1983 huohuo palikuwa na msako mwingine, wa wahujumu uchumi, na mfanyabiashara mwenye katoni kadhaa za sabuni stoo alikosa usingizi. Kwa hiyo kujiita mtu wa Bongo wakati ule kulikuwa na ujasiri ndani yake. Ilikuwa kukiri hadharani kwamba maisha yanaendeshwa kwa akili ambayo sheria haijaitambua.

Mahali pa kuiona akili hiyo ikifanya kazi mchana kweupe palikuwa Kariakoo, na historia ya Kariakoo inalipa jina Bongo uzito wa pekee. Wajerumani walijenga pale jengo la wazi lenye paa kwa ajili ya maonyesho na sherehe walizozipanga kwa mwaka 1914. Vita Kuu ikaingia. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi cha Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakifanya Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu hiyohiyo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi kwa mamia ya maili katika nchi isiyo na barabara, na makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 inawakumbuka pamoja na wapiganaji. Vichwa vilivyokusanywa Kariakoo vilihitajiwa kwa jambo moja tu, kubeba mzigo.

Mwaka 1923 jengo lile la Wajerumani likawa soko. Waingereza waliupanga mtaa huo kuwa makazi ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukautenga na Uhindini. Ndani ya mipaka waliyowekewa, wakazi walijenga nyumba za Kiswahili zenye korido katikati, wakapangisha vyumba na kuanzisha vyama. Simba na Yanga zilizaliwa katika mitaa hiyo, na TANU ilianzishwa jirani tu tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

Soko la zamani lilipozidiwa, kazi ya kusanifu jipya alipewa Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu wa majengo Haifa. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1975. Ukisimama chini na kutazama juu unaona miavuli ya zege iliyofunguka kuelekea mbinguni. Mvua inaponyesha, maji hukusanyika humo na kushuka kwenye matangi chini ya ardhi. Wachuuzi walipata kivuli na upepo bila kufungiwa kuta. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya soko hilo, likabidi lifanyiwe ukarabati mkubwa, na waliolipenda walishukuru kwamba miavuli ile haikubomolewa. Katika majengo ya mji huu, machache yanaonyesha kufikiri kwa wazi namna hiyo.

Nje ya jengo, Mtaa wa Kongo na Msimbazi ndiko lugha yenyewe inakopikwa. Mteja ameshika kiatu, anakigeuza, anakunja soli. Anauliza bei. "Elfu thelathini, dada, lakini maongezi yapo." Anakirudisha kiatu mezani taratibu. "Nifikirie basi, kaka." Hapo hajamwomba muuzaji awaze jambo lolote, amemwomba ashushe bei. Kuli aliyefikisha mzigo salama naye atasema afikiriwe, na mwenye mzigo ataelewa kwamba anaombwa nyongeza. Anayeshindwa kuelewa ataambiwa ajiongeze, yaani amalizie mwenyewe kile ambacho hakikusemwa. Aliyelipa bei ya kwanza aliyotajiwa, au aliyefungua boksi nyumbani akakuta kiatu cha mguu mmoja, ameingizwa mjini. Wenzake watamwambia mjini shule, akili kumkichwa. Akirudia kosa, ni bongolala.

Msamiati huo una upande wake mchungu, na kuuficha ni kuidanganya historia. Akili iliyomwezesha mama kuuza vitumbua ndiyo pia iliyomwezesha mwingine kumuuzia mgeni kutoka bara mbuzi kwenye gunia, na mtaani zote mbili zimeitwa ujanja. Hata hivyo, kundi kubwa la waliopata sifa ya watu wa Bongo ni wale wa riziki halali: wamachinga waliotoka Lindi na Mtwara na kutandika bidhaa chini, vijana wa mitumba, mama lishe wa Gerezani. Serikali ililegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka uliofuata, aliifungua milango hata wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Kazi zilizosakwa mwaka 1983 sasa zilifanyika barabarani bila kujificha.

Jina nalo likapata kazi mpya. Redio za watu binafsi zilipoanza katikati ya miaka ya tisini, zilihitaji kuutofautisha muziki wa vijana wa hapa na ule wa Marekani uliokuwa ukipigwa zaidi. Mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuuita Bongo Flava. Mwaka 2003 Josiah Kibira alitoa filamu ya Bongoland, kuhusu Mtanzania anayehangaika na maisha Marekani. Baadaye filamu za nyumbani zikaitwa Bongo Movie. Mwaka 2014 watoto walianza kuangalia Ubongo Kids kwenye televisheni, katuni za hesabu na sayansi zinazotengenezwa Dar es Salaam, zikiwa na herufi ile ya mwanzo ambayo wazazi wao walikuwa wameiacha.

Wapo walimu na wazee wanaoliona jina hili kuwa la kihuni. Lakini mji huu umewahi kuwa na majina mawili mengine. Mzizima liliachwa na wavuvi na wakulima waliotangulia, na Dar es Salaam lilitoka kwa Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kujenga majumba yake hapa katika miaka ya 1860. Bongo limetolewa na wapangaji wa vyumba, wapanda daladala na wachuuzi, na kati ya majina yote ndilo lililosafiri mbali zaidi. Siku hizi halishiki hata mipaka ya mji: mkulima wa Maswa ambaye hajawahi kukanyaga Msimbazi, siku akishuka Nairobi au Muscat, ataitwa Mbongo, naye ataitika.