"May" ni nguvu, "shall" ni deni: grama iliyotuendesha Turkana

Leo tunarudi darasani kidogo, na msikimbie, nitawatoa haraka.

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, hii unaijua. Umebanwa, unainua mkono: "Teacher, can I go out?" Ticha anakuangalia tu. "I don't know. Can you?" Darasa zima linakucheka mpaka ukumbuke kusema "May I". Mimi ilinipata darasa la nne, hapa Lopur, na nikaambiwa hiyo ni adabu. Miaka mingi baadaye ndiyo nikaelewa haikuwa adabu peke yake. "Can" inauliza kama una uwezo. "May" inauliza kama mwenye mamlaka amekubali. Ticha alikuwa ananifunza nani ana ufunguo wa mlango.

Hivi vitenzi visaidizi vya Kiingereza ni vidogo sana, lakini historia ya huku kwetu, kuanzia Lodwar mpaka Kakuma, unaweza kuisoma kupitia viwili tu: "may" na "shall".

Tuanze na mizizi. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, neno lililozaa "may" lilimaanisha kuwa na nguvu. Ndiyo maana "might" mpaka leo ni nguvu pia. Na lililozaa "shall" je? Lilimaanisha kudaiwa. Wajerumani, ambao lugha yao ni binamu ya Kiingereza, bado wanaita deni "Schuld". Kwa hivyo wahenga wetu waliosema ahadi ni deni walikuwa wanafafanua "shall" bila kujua.

Shida ni kwamba ukitafsiri haraka kwa Kiswahili, "shall" inageuka "itafanya", kama mwanasiasa kwenye kampeni. "Serikali itajenga barabara." Sawa, itajenga, hata mvua itanyesha. Lakini kwenye sheria "shall" si utabiri, ni amri. Nayo "may" inageuka "anaweza", neno linalobeba "can" na "may" pamoja, na hapo hujui tena kama mtu ana uwezo au amepewa ruhusa.

Sasa twende Lodwar. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni. Ilimpa afisa nguvu ya kutangaza wilaya imefungwa, na mtu wa nje asiingie bila leseni. Baadaye Turkana nayo ikafungwa. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalum: maafisa wakapewa mamlaka ya kuwakamata na kuwazuia watu wa jamii walizoziona kama adui, na kutwaa mali yao. Mali ya Mturkana ni nini? Ni mifugo. Hiyo ndiyo "may" kwa maana yake ya kale kabisa: nguvu. Afisa alikuwa na hiari, wewe ulikuwa na kungoja.

Ndiyo maana wakoloni walimleta Jomo Kenyatta huku. Alifungwa Lokitaung, na alipomaliza kifungo mwaka 1959 hakurudi nyumbani. Alihamishiwa Lodwar na kuwekewa mipaka mpaka 1961, alipopelekwa Maralal. Kifungo kimeisha, lakini kuondoka huwezi mpaka mtu aamue. Cha kushangaza ni kwamba huyu mtu alikuja kuwa Rais, na zile sheria mbili zikabaki vitabuni. Zilifutwa 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Manze, miaka 34!

Wakati huo Kakuma ilikuwa na wakaazi wapya. Kambi ilifunguliwa 1992, na kati ya wa kwanza kufika walikuwa maelfu ya vijana waliotembea kutoka Sudan. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ikasema Waziri "may" kutenga maeneo ya kambi, na kukaa nje ya eneo hilo bila ruhusa likawa kosa. Sheria mpya ya 2021 iliifuta hiyo na kutambua haki ya mkimbizi kufanya kazi, lakini suala la maeneo yaliyotengwa halikuisha.

Nina beste aliyezaliwa kambini. Kiingereza chake kinashinda changu mbali sana. Alipata nafasi ya kwenda mdahalo Eldoret, akaomba kibali cha kusafiri. Kilikuja mashindano yakiwa yameisha. Aliniambia, "Mimi grama nilipita. Ni 'may' ndiyo imenifeli." Nilicheka, halafu nikamkumbuka babu yangu, Mturkana wa hapa hapa, aliyekulia katika wilaya iliyofungwa. Watu husema wenyeji na wakimbizi hawana kitu sawa. Wawili hawa walisimama mbele ya neno moja.

Na "shall" je? Hiyo tuliipata tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipoanza kutumika. Fungua Kifungu cha 204. Kuna Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka. Inasema serikali "shall" kuitumia kwa huduma za msingi tu, yaani maji, barabara, afya na umeme, katika maeneo yaliyosahaulika, ili yafikie kiwango cha Kenya nzima kadiri inavyowezekana. Turkana ilikuwa kati ya kaunti 14 zilizotajwa katika sera ya kwanza ya hazina hiyo. Kwa hivyo si msaada, na si zawadi ya mheshimiwa yeyote anayekuja kukata utepe. Ni deni.

Lakini soma mpaka chini, wasee. Kifungu hicho kinaisha nguvu baada ya miaka 20. Hiyo ni Agosti 2030. Na je, kinaweza kuongezewa muda? Ndiyo. Katiba inasema Bunge "may" kutunga sheria ya kukiongezea muda, ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti.

Umeiona? Kulipa ni "shall". Kuongeza muda ni "may". Deni letu lina tarehe ya kuisha, na baada ya hapo tunarudi kuinua mkono kama mtoto aliyebanwa.

Kwa hivyo mtu akikuambia grama ni ya kupita mtihani tu, mwambie hapana. Ukipewa karatasi yoyote, iwe ya kazi, ya ardhi ya jamii au ya mradi wa kampuni, tafuta kwanza hivi vitenzi vidogo. Wakiandika "shall", uliza lini. Wakiandika "may", uliza nani anaamua na kwa nini si wewe. Na mgombea akija hapa Lopur kuomba kura mwaka 2027, usimuulize kama atatukumbuka. Muulize atapiga kura gani kuhusu Kifungu cha 204 kabla ya 2030.

Dawa ya deni ni kulipa. Haliombwi kwa "May I".