Kompyuta tatu ndani ya laptop moja, na aibu yangu ya maabara

Najua nimepotea, ila majaribio yalikuwa mfululizo na BTP hiyoo inakuja, si mnatujua sisi wa ualimu. Leo nimerudi na kisa kilichonitia aibu kwanza, halafu kikanitia hamu ya kusoma historia.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili zilizopita nilikaa maabara ya kompyuta najenga kamtandao ka kujifunzia. Kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta zisizo na bodi wala waya wake, zote zinaishi ndani ya laptop yangu kama programu. Moja niliifanya seva ya DHCP, kazi yake kugawa anwani za mtandao. Kwenye kuchagua aina ya mtandao nikabonyeza ile ya daraja, kisa tu ilikuwa inakubali haraka. Laptop yenyewe ilikuwa imechomekwa kebo ya maabara.

Haikupita robo saa jirani yangu akauliza, "Jamani, intaneti imekata kwangu tu?" Mwingine naye akalalamika. Kumbe kompyuta ikiwashwa huwa inapiga kelele mtandaoni: nani anipe anwani? Mara nyingi inamkubali anayewahi kujibu. Daraja lilikuwa limeitoa seva yangu nje, ikawa inawahi kujibu na kugawa anwani zisizofika popote. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kusajili kozi! Fundi alipofika kwenye kiti changu nilitamani ardhi ipasuke. Kuna dada mmoja alichelewa kusajili kwa ajili yangu, mpaka leo salamu yangu anaipokea kwa kichwa tu.

Usiku huo hosteli sikulala, nikaanza kusoma. Nikagundua siko peke yangu. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aitwaye Robert Tappan Morris, aliachia programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kosa lake lilikuwa dogo kwa maandishi: aliiruhusu ijinakili tena, mara 1 kwa kila 7, hata pale ilipokuta mashine imeshaingiliwa. Nakala zikarundikana mpaka mashine zikaelemewa. Inakadiriwa kompyuta kama 6,000 ziliathirika, wakati intaneti nzima ilikuwa na takriban 60,000. Mwaka 1990 alipatikana na hatia, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kuitumikia jamii na faini. Baadaye akaja kuwa profesa MIT. Mimi naona tatizo lake mojawapo ni kwamba jaribio lake halikuwa na ukuta. Alijaribia kwenye nyumba ambayo watu wanaishi.

Kinachoshangaza ni kwamba wazo la ukuta lilikuwepo zamani sana. Turudi miaka ya 1960. Kompyuta wakati huo ilijaza chumba na bei yake ilikuwa ya kutisha, kwa hiyo watu walitafuta namna ya kuitumia wengi kwa pamoja. Mwaka 1964 IBM ilifungua kituo cha utafiti huko Cambridge, Massachusetts, jirani na MIT. Robert Creasy na wenzake wakaanza mradi wa CP-40. Badala ya kuwagawia watu muda tu, wakampa kila mtumiaji kompyuta yake kamili ya bandia. Ilipoanza kutumika Januari 1967 mashine moja iliweza kubeba hadi 14 za namna hiyo, kila moja ikijiona iko peke yake duniani.

Kwa lugha ya hosteli, huku ni kubebana! Mwenye chumba ni mwenyeji, wanaobebwa ni wageni. Tofauti ni kwamba hapa mgeni haoni kitanda cha mwenzake wala hafungui sanduku lake. Akianguka, anaanguka peke yake. Mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370, na mafundi wakawa wanajaribia mifumo mipya ndani ya mashine pepe huku watumiaji wengine wakiendelea na kazi zao bila habari.

Kompyuta ndogo za mezani zilipokuja wazo hilo likalala kidogo. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walishaandika masharti ambayo chipu inatakiwa itimize ili ibebe mashine pepe vizuri, na chipu za Pentium hazikuyatimiza. Zilikuwa na amri 17 zilizovunja masharti. VMware wakapata njia ya kuzizunguka mwaka 1999, kwa kuzitafsiri amri zile korofi wakati programu ikitembea. Intel wakaweka msaada ndani ya chipu zenyewe mwaka 2005, AMD mwaka 2006. Ndiyo maana leo laptop ya mwanafunzi inafanya kazi iliyokuwa ya chumba kizima.

Basi nimerudia zoezi langu, safari hii kwa adabu. Nimechomoa kebo, nimezima na wifi. Nimechagua mtandao wa ndani, ambao mashine pepe zinaonana zenyewe kwa zenyewe na hata laptop inayozibeba haimo. Anwani nimetumia za 192.168, moja ya mafungu yaliyotengwa kwa mitandao binafsi kwenye waraka wa mwaka 1996. Mafolda ya kushirikiana nimeyafunga. Kisha nikapiga picha ya hali ya kila mashine, nikiharibu narudi pale pale. Kabla ya kuamini nikajaribu kufika intaneti kutoka ndani, ikagoma. Hapo kufeli ndiyo kufaulu.

Kwa nini nahangaika hivi? Shule niliyopangiwa BTP nimeambiwa ina kompyuta moja inayofanya kazi. Nilishakata tamaa nikasema nitachora mtandao ubaoni, wanafunzi wanakili. Sasa sitaki. Mashine moja inatosha kuwa tatu kama ina kumbukumbu ya kutosha, na kidato cha tatu wangu watapokezana kuivuruga seva, kuitengeneza, na kuivuruga tena. Maana kama kuna kitu nimejifunza siku ile ya maabara, mwanafunzi lazima akosee, ila mwalimu ndiye anayetakiwa kujenga ukuta kwanza.

Dada wa usajili, kama unasoma hapa, nisamehe. Soda iko juu yangu, bumu likitoka.