Mahadhi ya Grieg na Inanga ya Tanganyika

Mwaka 1888 Knut Dahle, mpiga fidla wa Telemark nchini Norwei, alimwandikia mtunzi Edvard Grieg, akihofia kwamba mahadhi ya wazee yangezikwa pamoja naye. Mwaka 1901 Johan Halvorsen aliyanukuu. Grieg akayatungia piano, na mwaka 1903 nakala za piano na za fidla zikachapishwa sambamba. Hivyo piano haikuimeza asili.

Somo hilo linauhusu pia mwambao wa Uvira. Ng'ambo ya ziwa, nchini Burundi, mpiga inanga hunong'ona. Mnong'ono hauna kidatu. Nyuzi ndizo huupatia mahadhi, nacho Kirundi ni lugha ya toni. Atakayenukuu nyuzi bila maneno atapoteza vyote viwili. Mwanamuziki na mwanaisimu hawana budi kunukuu pamoja, mpigaji angali hai.