Kumpima Mwalimu: Mkaguzi, Fomu na Tuzo

Katika nchi ya Wasukuma, mavuno yakiisha, Bagalu na Bagika hukutana uwanjani kushindana kwa ngoma. Waamuzi ni watazamaji wenyewe, na kundi livutalo watu wengi upande wake ndilo lililoshinda. Hukumu hutolewa mchana kweupe, na mchezaji huiona kwa macho yake. Shule ilipoingia Shinyanga ilikuja na hukumu ya namna nyingine, ile iandikwayo na mgeni apitaye.

Idara ya Elimu ya Tanganyika iliundwa na Waingereza mwaka 1920, na sheria ya elimu ikafuata mwaka 1927. Tangu hapo shule za misheni zilizotaka ruzuku ya serikali hazikuwa na budi kukubali kukaguliwa. Kwa hiyo mkaguzi alipoketi nyuma ya darasa hakuwa anampima mwalimu peke yake. Kalamu yake iligusa na fedha za misheni, na mwalimu alilijua jambo hilo.

Baada ya Uhuru, shule za misheni zilichukuliwa na taifa kwa sheria ya mwaka 1969. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu maelfu wakafunzwa huko huko vijijini, huku wakifundisha. Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978 ilimpa mkaguzi uwezo wa kuingia shuleni na kudai vitabu vyote, lakini haikumpa gari. Mkoa wa Shinyanga wa siku hizo ulianzia Bukombe na Kahama ukafika Bariadi na Meatu, na masika udongo mweusi wa mbuga hauna huruma kwa magurudumu. Alipofika, mkaguzi alitazama azimio la kazi, andalio la somo na daftari la mahudhurio. Lakini daftari hilo lingewezaje kusema kwamba mtoto asiyekuwapo yuko machungani, au kwenye pamba, au, kwa upande wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu? Sisi twaona kwamba hapo ndipo upimaji wetu ulipopungukiwa zaidi, kwani alama ya utoro aliibeba mwalimu mkuu.

Mwaka 2004 watumishi wa umma waliletewa fomu ya OPRAS, ambayo mtumishi huijaza pamoja na msimamizi wake, mahali pa zile taarifa za siri za zamani. Kwa nia ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, Februari 2009, katika mkoa jirani wa Kagera, Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani na uchelewaji. Rais Kikwete alimwondoa katika wadhifa wake. Twaikumbusha habari hii kwa vijana wasomao sasa, wajue kwamba fomu ilikuwapo na fimbo pia ilikuwapo.

Kisha ukaja mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne wa 2012 kushindwa. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukazipanga shule kwa matokeo ya mitihani. Katika miaka hiyo hiyo, 2013 na 2014, shirika la Twaweza lilifanya jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za msingi, na Geita na Kahama zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochaguliwa. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika nyingine, walimu wa darasa la 1 hadi la 3 waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Nyingine zilipata vyote viwili, na zilizosalia hazikupata kitu, ili ziwe za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikuongeza maarifa ya watoto. Tuzo peke yake ilileta matokeo ya kuyumbayumba. Pale vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi, tena waziwazi. Uingereza ilianza kuzilipa shule kwa hesabu ya watoto waliofaulu mbele ya mkaguzi mwaka 1862, ikauacha utaratibu huo kabla karne haijaisha. Pengine ingefaidika kwa jaribio kama hili la Kahama.

Siku hizi mkaguzi anaitwa mthibiti ubora wa shule, na anatakiwa kushauri kabla ya kulaumu. OPRAS imeondoka, na tangu mwaka wa fedha 2023/24 mwalimu hujaza kazi zake katika mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Matokeo ya kila shule yangali yakitolewa, na mzazi atakaye kulinganisha hujipangia orodha yake mwenyewe.