Njugu za Jadi, Jadi ya Nani?

Wiki mbili kabla ya Idd, binamu yangu alinijia na stika mia moja zilizochapishwa vizuri, maandishi ya rangi ya dhahabu: NJUGU ZA JADI YA MSWAHILI. Ni za kubandika kwenye vichupa vyangu. Kila mwaka napika njugu za sukari hapa nyumbani Shanzu. Nyingine za kugawia majirani, nyingine za watu wanaotaka zawadi ya kupeleka bara. "Wewe bandika tu," akaniambia. "Neno jadi linauza."

Nikamwonyesha nyanya. Alikuwa na ungo mapajani anachambua njugu, zilizosinyaa na zenye ukungu anazitupa. Nikamuuliza, "Nyanya, hizi njugu ni za jadi kweli?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mimi nimezikuta."

Jibu hilo lilinikaa. Kukikuta kitu si sawa na kitu kuwako siku zote. Sasa yeye alizikuta kwa nani? Na huyo naye alizikuta lini?

Pa kuanzia hapako mbali, ni kuvuka tu daraja la Mtwapa. Ng'ambo ile, kando ya bahari, kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14: nyumba za mawe, misikiti, visima, makaburi. Haikupita karne nzima wenyewe wakauhama. Kina sisi tulipelekwa pale na shule, tukapiga picha, tukarudi. Hakuna aliyetuambia kwamba watu wa mji ule waliishi na wakafa bila kuonja hata punje moja ya njugu hizi zetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492, Vasco da Gama akatia nanga Mombasa Aprili 1498, na wakati huo Jumba lishakuwa kichaka. Njugu hii imeletwa Afrika na vyombo vya Wareno, karne ya 16.

Lenyeji ni jina. Afrika ilikuwa na njugu yake, njugu mawe: ya mviringo, ngumu, nayo huzaa chini ya udongo. Alipofika mgeni mwenye tabia hiyohiyo ya kuficha mbegu ardhini, akapewa jina la mwenyeji, akaongezewa "nyasa" ili asichanganywe naye. Leo nenda soko la Kongowea useme "njugu" tu, utapimiwa ya mgeni. Mwenyeji ndiye anayehitaji kutajwa jina lake lote.

Korosho yenyewe ilikuja na jina lake. Wazee wa huku huuita mti wake mkanju. Watupi, wenyeji wa Brazil, waliuita acaju. Wareno wakasema caju. India likawa kaju, kwetu kanju. Mti ukaupenda mchanga wa Kilifi na Kwale kama umezaliwa hapo. Kilifi ikapata kiwanda cha korosho miaka ya 1970, miaka ya 1990 kikasimama, na mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kupeleka nje korosho zisizobanguliwa. Mimi kwa bei ya sasa natia kiganja kimoja tu kwa sufuria nzima, chupa zipendeze.

Kupika kwenyewe si kazi kubwa. Vikombe viwili vya njugu mbichi na viganda vyake vyekundu, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji, chumvi kidogo. Vyote sufuriani, moto wa kadiri, unakoroga kwa mwiko. Maji yanachemka, yanakuwa shira, halafu ghafla shira inakauka na njugu zinavaa mchanga mweupe. Hapo wengi hudhani wameharibu, wakazima jiko. Usizime. Punguza moto, endelea kukoroga; mchanga ule unayeyuka tena, unageuka kahawia, unashika. Ndipo unatia iliki na mdalasini uliosagwa, unamwaga kwenye sinia, unazitenganisha kabla hazijapoa.

Mchanga ule una hadithi yake. Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, wao wakalipata kwa Waajemi, na asili yake ni Kisanskrit, sharkara, yaani changarawe. Aliyelitunga alikuwa ameona kile unachokiona wewe sufuriani. Iliki ni mmea wa misitu ya kusini mwa India. Mdalasini tunaousifu ni wa Sri Lanka, lakini jina lake limetoka kwa Waajemi walioliita gome hilo dar chini, mti wa China. Hata waliolipa jina hawakujua vizuri linatoka wapi.

Nilipofika hapo nilitaka kumpigia binamu nimwambie: jadi yetu ni bahari, kila kitu kimekuja na upepo, basi bandika hizo stika. Hadithi tamu, na inauza pia. Kisha nikaanza kuifuata sukari ya pwani hii hii.

Karne ya 19, Pangani, ambayo leo iko Tanzania, ilikuwa na mashamba makubwa ya miwa kando ya mto. Waliokata miwa na kuikamua ni watumwa walioletwa kutoka bara. Waliowamiliki walikuwa Waarabu na Waswahili. Abushiri bin Salim, tunayemsoma kama shujaa aliyewainukia Wajerumani mwaka 1888, naye alikuwa na shamba la miwa. Huku kwetu, Malindi na viungani mwa Mombasa, watumwa walilima mtama, ufuta na minazi. Katika pwani ya Kenya utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907. Si zamani za hadithi, ni enzi za mama zao nyanya zetu.

Na alama zake tunazipita kila siku. Ukipanda matatu ya kwenda mjini kupitia Kisauni utasikia utingo anaita "Kengeleni!" Kengele yenyewe ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Kanisa la Uingereza walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Inasimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya wenyeji wake wanapokuja watu wa kuwateka tena. Upande wa pili wa Shanzu ni Jumba la Mtwana, ambalo jina lake hufasiriwa kuwa nyumba kubwa ya mtumwa. Sisi tuko katikati, tunapika njugu.

Basi jadi ya nani? Kuna aliyekula halua sebuleni na kuna aliyekata miwa, na wote wawili wameacha wajukuu Kisauni. Nikamrudia nyanya, nikamuuliza sisi ni wa upande gani. Akachambua ungo mzima kwanza. Halafu akasema mamake alizaliwa upande wa Kengeleni, basi. "Zaidi ya hapo tulikatazwa kuuliza." Sikuuliza tena siku ile. Lakini stika sikuweza kuibandika. Neno jadi, kwenye maandishi ya dhahabu, lingekuwa limejibu kwa niaba yake.

Kuna kitu kimoja nilichokiona ni cha kale kweli, nacho hakimo kwenye chupa. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, kabla ya kushuka pwani hii na kulala usiku mmoja Mombasa. Kabla hata hajaonana na shekhe wa mji, aliletewa sahani yenye majani ya tambuu na popoo. Akakabidhiwa majani kumi na popoo chache. Popoo nayo si ya huku, ni ya Asia. Kwa hiyo hata katika karne ile ya Jumba, kilichokuwa sahanini kilikuwa kimetoka mbali. Cha wenyeji kilikuwa desturi ya kumpelekea mtu sahani.

Desturi hiyo ipo mpaka leo. Mtaani kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na anayeirudisha tupu husemwa mpaka Idd ya pili. Haijali babu yako alikuwa mwenye shamba au mkata miwa. Sahani inabishwa hodi kila mlango.

Stika za dhahabu ziko kwenye droo. Vichupa nimeviandika kwa kalamu: "Njugu, korosho, sukari, iliki, mdalasini. Zimepikwa Shanzu." Binamu alinuna siku mbili, kisha akaja kuchukua vyake sita. Za majirani nilizitoa kando mapema, kabla ya za kuuza.

Jana sahani ya nyumba ya pili imerudi, imejaa mabuyu. Nyanya alionja moja, akatikisa kichwa. "Haya nayo," akasema, "hebu katafute nani aliyakuta."